Jaji Horton na Wapiga Kura wa Alabama

Sisi wa Afrika ya Mashariki, wa mwambao na wa bara, tumezoea kwamba hakimu ni mtu wa kuteuliwa: kadhi wa Unguja aliwekwa na Sultani, hakimu wa serikali ya kikoloni aliwekwa na wakubwa wa serikali hiyo, na jaji wa leo huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na tume ya mahakama, wala hapana miongoni mwetu aliyepata kumwona hakimu akizunguka masokoni, akishikana mikono na wakulima na kuwaomba wamrudishe kitini kwake. Katika majimbo mengi ya Marekani jambo hilo ni la kawaida. Jimbo la Mississippi lilianza kuwachagua mahakimu wake wote kwa kura mwaka 1832, New York ikafuata mwaka 1846, na kabla karne ya 19 haijaisha majimbo mengi yalikuwa yameshika njia hiyo, kwa kuwa waliofuata siasa ya Rais Andrew Jackson waliona kwamba hakimu aliyewekwa na wakubwa huwahukumia wakubwa, na kwamba raia apaswaye kuhukumiwa anapaswa pia kuwa na kauli katika kumweka mhukumu wake. Rai hiyo si ya kudharauliwa, na mtu aliyepata kuonja mahakama za wakoloni ataielewa upesi kuliko mwingine. Upungufu wake hudhihiri pale ambapo mshtakiwa mwenyewe hayumo katika wale wanaopiga kura. Na habari ya James Edwin Horton, jaji wa mahakama ya mzunguko kaskazini mwa Alabama, aliyekubaliwa na raia mara mbili na kukataliwa mara ya tatu, ni habari ya upungufu huo.

Horton alizaliwa mwaka 1878, akakulia katika wilaya ya Limestone, nchi ya pamba iliyo kando ya mto Tennessee. Kwa upande wa mama alikuwa wa ukoo wa Donelson, ambao ndio ukoo wa Bibi Rachel, mkewe yule yule Andrew Jackson tuliyemtaja. Hivyo kwa nasaba alikuwa na yote ambayo Mzungu wa Kusini angeweza kuyatamani. Alisoma sheria katika Chuo cha Cumberland kilichoko Lebanon, Tennessee, kisha akarudi kwao Athens, makao makuu ya wilaya yake, akafungua ofisi ya uwakili huku akiangalia mashamba ya jamaa zake. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mpole wa maneno, mwenye uso wa mifupa, na waandishi wa magazeti waliokuja kumwona baadaye hawakuacha kumfananisha na Abraham Lincoln asiye na ndevu, mfano ambao sidhani kama ulimfaa kitu mbele ya wapiga kura wake, maana jina la Lincoln katika Alabama ya zama zile halikuwa jina la kumpendekeza mtu.

Safari yake ya siasa haina mengi ya kusimuliwa, na huko kukosa visa ndiko kunakotufahamisha hali yake. Mwaka 1910 alichaguliwa kuingia katika Baraza la Wawakilishi la jimbo, na miaka minne baadaye katika Seneti yake. Akaonja ujaji katika mahakama ya insafu, ile iitwayo Chancery. Na mwaka 1922 akagombea kiti cha jaji wa Mzunguko wa Nane, akakipata. Muda wa kiti hicho ulikuwa miaka 6, na ulipokwisha mwaka 1928 hakutokea mtu wa kushindana naye, akarudishwa pasipo jasho. Mtu wa ukoo, mwenye elimu, mwenye mashamba, asiyepiga kelele majukwaani: watu walimjua babaye na babu zake, nao hawakuona sababu ya kumwondoa.

Lakini hao watu walikuwa ni akina nani? Katiba ya Alabama ya mwaka 1901 ilitungwa kwa kusudi, tena kusudi lililotangazwa hadharani katika mkutano ulioitunga, la kumtoa Mweusi katika daftari la wapiga kura. Ilidai mtu ajue kusoma au awe na mali, ikamwachia msajili uwezo wa kumkubali amtakaye na kumkataa asiyemtaka, na juu ya hayo ikaweka kodi ya kura ya dola 1.50 kwa mwaka, ambayo asiyeilipa ilimlimbikizia kama deni hata kufikia dola 36, fedha ambazo mkulima wa pamba katika miaka ile ya dhiki aghalabu hakuziona kwa pamoja. Kodi hiyo iliwatupa nje hata Wazungu maskini kwa maelfu. Waliobaki walipiga kura katika mchujo wa chama cha Democrat, ambao ulikuwa wa Wazungu watupu, na aliyeshinda mchujo alikuwa ameshinda yote. Uchaguzi wa Novemba ulikuwa kama kupigia muhuri barua iliyokwisha andikwa. Tena katika watu wale wale ndimo yalimotolewa majina ya wazee wa baraza 12 wanaosikiliza kesi za jinai. Nao si kama wazee wa baraza tuliowazoea katika mahakama zetu, ambao walimshauri hakimu naye akawa huru kuyaacha maneno yao, bali wao wenyewe ndio huamua kama mshtakiwa ana hatia au hana, na katika Alabama walikuwa na uwezo wa kutaja hata adhabu. Basi aliyemchagua jaji, aliyeketi barazani na aliyejaa katika viti vya wasikilizaji walikuwa mtu mmoja. Mwenye kusimama kizimbani peke yake ndiye aliyekuwa wa kutoka nje.

Tarehe 25 Machi 1931 gari moshi la mizigo lilikuwa likitoka Chattanooga kwenda Memphis, likikatiza kaskazini mwa Alabama, limebeba kwa siri vijana wa rangi zote waliokuwa wakitangatanga kutafuta kazi, maana hiyo ilikuwa miaka ya ule mdororo mkubwa wa uchumi. Weusi na Wazungu wakagombana njiani, Wazungu wakatupwa nje ya mabehewa, wakaenda kushtaki. Na ilipofika kituo cha Paint Rock, treni ikakutwa na kundi la watu wenye bunduki. Walikamatwa vijana Weusi 9, mdogo wao akiwa hajazidi miaka 13 na mkubwa wao akikaribia 20. Katika treni ile walikuwamo pia wanawake wawili Wazungu, Victoria Price na Ruby Bates, wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Huntsville, nao wakasema kwamba wamenajisiwa na vijana wale. Siku 12 baadaye, mjini Scottsboro, huku askari wa jimbo wakiuzuia umati nje, kesi zikaanza; na kwa muda wa siku chache vijana 8 wakahukumiwa kufa katika kiti cha umeme, akasalia Roy Wright, aliyekuwa mtoto, ambaye wazee wa baraza hawakukubaliana juu ya adhabu yake. Mawakili waliopewa walikuwa wawili: mmoja mgeni asiyeijua sheria ya Alabama, na wa pili mzee aliyekuwa ameacha zamani kushughulika na kesi.

Hapo ndipo dunia ilipoingia katika shauri la wilaya. Shirika la International Labor Defense, lililokuwa chini ya Wakomunisti, lilinyang'anyana kesi hiyo na NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, likaipata. Bibi Ada Wright, mama wa wawili kati ya wale vijana, akapelekwa Ulaya mwaka 1932 kuzungumza kwenye mikutano. Na katika kitabu kikubwa kilichoitwa Negro, alichokitengeneza Nancy Cunard na kukitoa London mwaka 1934, habari za Scottsboro zimo pamoja na makala ya Johnstone Kenyatta juu ya Kenya, kana kwamba mhariri alikuwa akituambia kwamba mambo hayo mawili yana nasaba moja. Mahakama Kuu ya Alabama iliithibitisha hukumu, jaji mkuu wake John C. Anderson peke yake akipinga. Lakini Mahakama Kuu ya Marekani, tarehe 7 Novemba 1932, ikaitangua kwa sababu ya kwamba vijana hawakupewa mawakili kwa maana halisi ya neno hilo. Kesi zikarudi kuanza upya, na safari hii zikahamishwa kutoka Scottsboro hadi mji wa Decatur, wilaya ya Morgan, ndani ya mzunguko wa Jaji Horton. Alikuwa na miaka 55, na muda wa kiti chake ulikuwa unakwisha mwaka uliofuata.

Kesi ya kwanza, ya Haywood Patterson, mmoja wa wale vijana, ilianza mwisho wa Machi 1933. Utetezi ulikuwa mikononi mwa Samuel Leibowitz wa New York, Myahudi aliyezaliwa Romania, wakili ambaye katika mji ule mkubwa alikuwa amejipatia sifa ya kutoshindika. Mashtaka yaliendeshwa na Mwanasheria Mkuu wa jimbo mwenyewe, Thomas Knight, kijana mfupi mwepesi wa hasira, ambaye babaye alikuwa mmoja wa majaji wa ile mahakama ya Alabama iliyokwisha kuzithibitisha hukumu za kwanza. Leibowitz alianza kwa kupinga daftari la wazee wa baraza, akawaleta mbele ya jaji Weusi wenye elimu na heshima zao, ili kuonyesha kwamba walikuwapo waliostahili na hakuna hata mmoja aliyewahi kuitwa. Horton alimsikiliza kwa adabu, kisha akalikataa ombi lake. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa kuwa wako wanaomsimulia Horton kana kwamba alishuka kutoka mbinguni. Alikuwa mtu wa tabaka lake, na mazoea mengi ya tabaka hilo alikuwa nayo.

Walakini tangu siku za mwanzo aliiendesha mahakama yake kwa namna ambayo wengi waliokuwamo hawakuitazamia. Habari zilipomfikia kwamba watu wamekutana usiku kushauriana kuwachukua wafungwa, aliwatoa kwanza wazee wa baraza nje, kisha akawageukia wasikilizaji na kuwaambia kwa sauti ya taratibu, bila kuficha ghadhabu yake, kwamba wafungwa wako chini ya ulinzi wa mahakama, kwamba askari wameamriwa kuwalinda hata kwa kufa, na kwamba yeyote atakayejaribu kuwagusa anajitafutia mauti yake mwenyewe. Watu walinyamaza. Hakimu wa kuteuliwa angeweza kuyasema hayo kwa urahisi. Horton aliyasema mbele ya nyuso alizozijua moja moja, nyuso za watu ambao baada ya mwaka mmoja angewahitaji.

Ushahidi wenyewe ulikuwa hivi. Victoria Price alisema kwamba katika behewa la wazi lililojaa kokoto zenye ncha alishikwa na vijana 6, mmoja baada ya mwingine, kwamba alipigwa kichwani kwa kitako cha bastola hata akatokwa na damu, na kwamba mgongo wake ulichubuliwa na mawe. Daktari R. R. Bridges, aliyewapima wanawake wote wawili kabla ya saa mbili kupita tangu treni isimamishwe, alikuwa shahidi wa upande wa mashtaka, lakini maneno yake yaliwafaa zaidi watetezi: hakuona jeraha la kichwa, hakuona damu, aliona alama ndogo ndogo tu, mapigo ya moyo na pumzi za wanawake wale vilikuwa vya kawaida, wala hawakuwa na fadhaa, na mbegu za kiume alizozikuta zilikuwa hazina uhai, jambo lililoonyesha kwamba huenda ziliingia mapema kuliko safari ile. Lester Carter, kijana wa Kizungu, akaeleza zilikotoka, maana yeye na wenzake walilala na wanawake hao kichakani karibu na Huntsville kabla ya safari. Katika washtakiwa wenyewe mmoja alikuwa haoni vizuri, na mwingine, Willie Roberson, alikuwa mgonjwa wa kaswende asiyeweza kutembea ila kwa taabu. Na katika Wazungu waliokuwa juu ya treni, mmoja tu, Orville Gilley, alibaki ndani ya behewa hata mwisho, naye upande wa mashtaka haukumwita, ukanyamaza juu ya sababu yake.

Katikati ya hayo likatukia jambo ambalo halikuandikwa katika kumbukumbu za mahakama. Alikuwapo daktari wa pili, kijana, Marvin Lynch, aliyeshirikiana na Bridges katika kuwapima wanawake. Upande wa mashtaka ukaomba asamehewe kutoa ushahidi, eti atarudia tu maneno ya mwenzake. Kwa masimulizi aliyoyatoa Horton katika uzee wake kwa mwanahistoria Dan Carter, daktari huyo alimwomba faragha, na kwa kuwa jumba lile lilikuwa limejaa watu, wakaingia katika choo cha wanaume huku mlinzi akisimama mlangoni. Humo Lynch akamwambia kwamba haamini wanawake wale walinajisiwa, kwamba aliwaambia wazi wanasema uwongo nao wakacheka tu. Jaji akamsihi asimame shahidi. Lynch akajibu kwamba akifanya hivyo hataweza tena kurudi Scottsboro kufanya kazi yake. Horton akamwachilia. Ni haki kuongeza kwamba Lynch mwenyewe, alipoulizwa miaka mingi baadaye, aliyakana mazungumzo hayo.

Kama yalikuwa, na mimi naona ni vigumu kudhani kwamba Horton aliyabuni, basi hapa ndipo pa kumlaumu. Jaji alikuwa na uwezo wa kumwamuru shahidi aitwe. Alikuwa na uwezo wa kuisimamisha kesi. Badala yake aliichukua siri ile akakaa nayo, akitumaini kwamba wazee wa baraza, kwa ushahidi uliokwisha kusikika, watamwachilia Patterson kwa hiari yao, na hivyo kijana daktari hataharibiwa na haki pia haitaharibiwa. Alimhurumia mwenye cha kupoteza kazini kuliko mwenye cha kupoteza rohoni. Labda pia aliwaamini mno watu wa kwao. Na mtu aliyerudishwa kitini na watu hao hao pasipo mpinzani ana sababu ya kuwaamini.

Tarehe 6 Aprili mlango ukafunguliwa akaingia Ruby Bates, aliyekuwa hajulikani aliko, akaapa kwamba hakunajisiwa yeye wala Price, na kwamba mambo yote yalitungwa. Kwa mtazamaji wa mbali kesi ilikuwa imekwisha. Lakini Knight akamwuliza juu ya nguo zake, na mavazi mapya ya New York aliyoyavaa, yaliyonunuliwa na marafiki wa utetezi, yakawa na nguvu kuliko kiapo chake. Kisha Wade Wright, mwendesha mashtaka wa wilaya ya Morgan, akasimama mbele ya wazee wa baraza na kuwataka waonyeshe kwamba haki ya Alabama hainunuliwi kwa fedha za Mayahudi wa New York. Leibowitz aliruka kudai kesi ivunjwe. Horton hakuivunja, ila katika maelekezo yake ya mwisho aliwaambia wazee kwamba mbele yao hakuna Myahudi wala Mkristo, Mweusi wala mweupe, mwenyeji wala mgeni, bali swali moja tu la kama tendo lilitendeka. Wazee wakaingia chumbani Jumamosi. Jumapili tarehe 9 Aprili wakatoka, na waliokuwa nje walisikia kicheko chao kabla ya mlango kufunguliwa. Waliandika: ana hatia, afe.

Sheria ilimtaka Horton atamke adhabu, naye akaitamka tarehe 17 Aprili, kisha akauahirisha utekelezaji wake na kuzisimamisha kesi za wengine mpaka ghadhabu ya watu ipoe. Halafu akarudi Athens kuusoma ushahidi. Watetezi walikuwa wameomba kesi isikilizwe upya, ombi ambalo mawakili hulitoa kila wanaposhindwa na majaji hulikataa bila kufikiri sana, kwa sababu ya heshima ya uamuzi wa baraza. Na mwendesha mashtaka hakuona sababu ya kuhofu. Ikawa habari inapita kwamba jaji anasita. Inasimuliwa kwamba alipelekewa neno na wakubwa wa siasa kuwa akiitangua hukumu asihesabu kurudi kitini mwaka 1934, naye akauliza hilo lina uhusiano gani na kesi. Kisa hicho hupendwa kusimuliwa na wanaompenda. Kwangu mimi, swali lake, kama aliliuliza, halikuwa la mtu asiyeelewa, maana mtu aliyeshinda chaguzi kadhaa hafundishwi na mtu namna kura zinavyokwenda.

Tarehe 22 Juni 1933, katika jumba la mahakama la Athens, aliwasomea mawakili uamuzi uliochukua zaidi ya saa nzima. Hakusema neno juu ya rangi za watu zaidi ya lililohitajika, wala hakuwashutumu wazee wa baraza. Aliuchukua ushahidi wa Victoria Price sehemu kwa sehemu na kuuweka kando ya ushahidi wa daktari: mawe yenye ncha na mgongo usio na majeraha, pigo la kichwa na kichwa kisicho na damu, hofu kubwa na moyo unaopiga kwa utulivu, na tendo linalodaiwa kutendeka mchana kweupe, juu ya behewa la wazi, treni ikipita mbele za watu. Akauliza kwa nini mashahidi waliopaswa kumuunga mkono hawakuletwa. Akahitimisha kwamba maneno yake hayakupata ithibati ya mtu mwingine, kwamba hayaelekei kuwa kweli, na kwamba uamuzi uliojengwa juu yake hauwezi kusimama. Hukumu ikatanguliwa, kesi ikaamriwa kuanza upya.

Wasomaji wengine hudhani kwamba kwa tamko hilo Patterson alitoka gerezani. Hakutoka. Sheria ilimpa jaji uwezo wa kuutangua uamuzi unaokwenda kinyume cha uzito wa ushahidi, haikumpa uwezo wa kumzuia Knight asimshtaki tena. Na Knight alitangaza mara moja kwamba atamshtaki. Kesi zikaondolewa kwa Horton na kupewa Jaji William Callahan, ambaye hakutaka askari, hakutaka wapiga picha, alitaka mambo yaishe upesi; aliwafundisha wazee wa baraza kwamba mwanamke wa Kizungu hudhaniwa hawezi kumkubali Mweusi kwa hiari yake, na alipowaeleza namna ya kuandika uamuzi alisahau, mpaka alipokumbushwa, kuwaambia namna ya kuandika kwamba mshtakiwa hana hatia. Desemba 1933 Patterson na Clarence Norris walikuwa wamekwisha kuhukumiwa kufa tena.

Ikafika 1934. Horton aligombea. Kuondoka kimya kimya kulikuwa na heshima yake, na mtu angedhani angechagua hilo, lakini yeye aliliacha jina lake katika karatasi ya mchujo wa Democrat kama alivyofanya mwaka 1922 na 1928, na safari hii wapinzani walijitokeza, jambo ambalo kwa mtu wa nasaba yake katika mzunguko ule lilikuwa tayari nusu ya hukumu. Hapakuhitajiwa hoja nyingi. Kila mpiga kura alijua swali ni lipi. Uchaguzi ulikwenda mpaka duru ya marudio, na humo Aquilla Griffin akamshinda. Mwaka huo huo, wapiga kura wa jimbo zima walimpandisha Thomas Knight kuwa Makamu wa Gavana, kazi aliyoishika huku akiendelea kuwashtaki vijana wa Scottsboro mpaka alipofariki mwaka 1937. Horton hakugombea tena kazi ya umma maishani mwake.

Hapa kuna jambo la ajabu kidogo la kuwaeleza wanaoona kwamba kosa lote ni la kura. Samuel Leibowitz naye baadaye aligombea ujaji, Brooklyn, mwaka 1940, akachaguliwa, akakaa katika kazi ya ujaji karibu miaka 30, naye, yeye aliyewahi kuwatoa watu mdomoni mwa kifo, akajulikana kwa ukali wa adhabu zake. Tena palikuwa na George Wallace, aliyechaguliwa mwaka 1952 kuwa jaji wa mzunguko kusini mwa Alabama ile ile, ambaye aliposhindwa ugavana mwaka 1958 na mpinzani aliyeungwa mkono na wenye chuki za rangi, aliamua kwamba hatapitwa tena katika chuki, akaupata ugavana mwaka 1962. Wallace na Horton walisoma karatasi moja ya matokeo, kila mmoja akafahamu lake.

Mahakama Kuu ya Marekani iliingia tena tarehe 1 Aprili 1935, katika shauri la Norris, na safari hii ikaamua lile ambalo Horton alilikataa siku ya kwanza ya Decatur: kwamba kuwatoa Weusi katika daftari la wazee wa baraza ni kuvunja Katiba. Leibowitz alikuwa amewaletea majaji daftari lenyewe, nao wakaangalia kwa kioo cha kukuzia majina ya Weusi yaliyopachikwa baadaye ili ionekane walikuwamo tangu zamani. Hata hivyo kesi zilirudi tena na tena. Mwaka 1937 wanne waliachiliwa kwa kufutiwa mashtaka, baada ya miaka 6 gerezani. Watano wakabaki ndani kwa vifungo virefu, mmoja wao, Norris, akiwa amehukumiwa kufa kwa mara ya tatu, mpaka Gavana Bibb Graves alipoigeuza adhabu yake kuwa kifungo cha maisha. Patterson alitoroka mwaka 1948, akafa Michigan mwaka 1952.

Horton alirudi kwenye uwakili na mashamba yake. Kwa miaka mingi hakuzungumza sana juu ya jambo lile, na alipozungumza, na Dan Carter, aliyetoa kitabu chake mwaka 1969, alisema pamoja na mengine kwamba katika ukoo wao walifundishwa haki itendeke hata mbingu zikianguka. Aliaga dunia mwaka 1973, akiwa na miaka 95. Miaka mitatu baadaye Clarence Norris, wa mwisho kubaki hai kadiri ilivyojulikana, akapewa msamaha kamili na Gavana wa Alabama, na gavana huyo alikuwa ni George Wallace. Wenzake Patterson, Charlie Weems na Andy Wright walisamehewa mwaka 2013, wakiwa makaburini. Mwaka 2017 mji wa Athens ulisimamisha sanamu ya shaba ya Horton nje ya jumba la mahakama la wilaya.

Kodi ya kura ilifutwa na mahakama mwaka 1966, na Weusi wa Limestone na Morgan wanapiga kura na kuketi barazani. Majaji wa mizunguko ya Alabama wangali wanachaguliwa kwa miaka 6, jina la chama likiandikwa kando ya jina la kila mgombea, na wanaotaka kiti kile katika Decatur na Athens wangali wanazunguka kukusanya fedha na kuomba kura.